Rafiki yangu huning'inia kwenye maghorofa, na mimi ndiye ninayemrekodi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa Likoni, nasoma chuo hapa Nairobi. Ninakaa chumba kimoja na rafiki yangu tuliyekua naye mtaani, nitamwita B. Ana miaka 22. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kukwea: minazi, kuta, paa la madrasa akifuata mpira. Hapa mjini alianza kwa kupanda juu ya hosteli jioni kupiga picha za jua likitua, nami nikamfuata kwa kuwa napenda picha. Baadaye yakaja maghorofa ambayo hayajakwisha kujengwa. Huwa tunaingia alfajiri kabla mafundi hawajafika, na mara nyingine soja hupewa kitu kidogo.

Siku hizi B hatosheki na kusimama juu ya paa. Anashuka upande wa nje wa ukingo, anashika kwa mikono miwili, miguu inaelea hewani, kisha anajivuta juu mara mbili tatu. Hana kamba wala mkanda. Mimi nakaa kando na simu. Akirudi, neno lake la kwanza ni "Umepata?" Kama picha haikutoka vizuri, anarudia.

Video zimempatia jina. Akienda mubashara watu humtumia zawadi za fedha, na duka moja la viatu limempa viatu na malipo avivae akiwa juu. Sehemu ya fedha humpelekea mama yake, naye anajua tu kwamba mwanawe anafanya kazi ya upigaji picha.

Mwezi uliopita kulikuwa na manyunyu. Kiatu kiliteleza kwenye chuma, akabaki kwa mkono mmoja, akajirudisha, akacheka. Mimi sikupiga hata ukelele. Niliendelea kurekodi, maana kwenye kioo cha simu ilikuwa kama namtazama mtu nisiyemjua, mahali pa mbali. Tangu siku hiyo nikifumba macho nakiona kile kiatu. Na video hiyo ndiyo iliyotazamwa kuliko zote.

Sasa anataka mwisho wa mwezi apande kreni ya jengo refu linalojengwa, atembee hadi ncha ya mkono wa kreni hiyo. Nikimwambia naogopa, ana majibu yake. Husema kuna Mfaransa aliyepita miaka 60 na bado anapanda majengo bila kamba. Husema yeye hataki kufa, bali akiwa pale juu kichwa chake hutulia, kelele zote za karo, nyumba na maisha zinanyamaza. Na husema nisipokwenda ataweka simu kwenye stendi au atatafuta mtu mwingine, basi si afadhali niwepo mimi, nitakayeita msaada likitokea la kutokea? Hilo la mwisho hunifunga mdomo.

Shangazi, nikiendelea kurekodi, nami nina lawama? Nimwambie mama yake? Na nitafanyaje nisimpoteze rafiki wa tangu utoto?

Mshika Simu, Nairobi

*

Marahaba, mwanangu.

Usiende kwenye hiyo kreni, na usimrekodi tena. Hilo ndilo jibu. Yanayofuata ni sababu zake, na namna ya kulisema ili B alisikie.

Nianze na lililokufunga mdomo. B anasema uwepo ili uite msaada. Hebu jiweke pale. Yeye yuko upande wa nje wa ukingo. Wewe uko hatua chache kando, mikono imeshika simu, jicho liko kwenye kioo. Vidole vikimwachia utafanya nini? Hata ungetupa simu ukamrukia, mtu mzima anayeanguka angekwenda nawe. Anayeanguka kutoka mita 45, ambayo ni kama ghorofa ya 14, hufika chini kwa sekunde 3, mwendo ukiwa umepita kilomita 100 kwa saa. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa muda mrefu wa maisha yangu ya kazi, na waliotufikia ni walioanguka kutoka ghorofa ya pili, ya tatu, juu ya mwembe. Wengi walikuwa wamevunjika visigino na pingili za kiunoni, kwa kuwa mtu akitua kwa miguu pigo hupanda hadi mgongoni. Wapo walioondoka kwa kiti cha magurudumu wakiwa na umri kama wa B. Walioanguka kutoka juu zaidi ya hapo hawakuletwa wodini kwetu.

Kwa hiyo kuwepo kwako hakumlindi. Kuna kazi nyingine kunayoifanya, na umeitaja mwenyewe bila kuiita kwa jina. "Umepata?" Kama hukupata, anarudia. Yaani mtu ambaye vidole vyake vimeshachoka anashuka tena upande wa nje wa ukingo kwa sababu ya simu uliyoishika.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Wu Yongning wa China. Alikuwa kijana wa miaka 26, amefanya kazi ndogondogo kwenye filamu za mapigano, kisha akajitosa kwenye video za maghorofa bila kamba na akapata wafuasi wengi mno. Tarehe 8 Novemba 2017 alipanda jengo la ghorofa 62 mjini Changsha. Alikwenda bila mshika simu. Kamera aliitega mwenyewe, kama hiyo stendi anayokutishia B. Akashuka nje ya ukingo, akajivuta mara mbili, kisha akataka kurudi juu. Mikono ikakataa. Kamera yake yenyewe ndiyo iliyoonyesha jinsi alivyohangaika kutafuta pa kukanyaga kwenye ukuta laini hadi akaachia. Jamaa zake walieleza kwamba alikuwa akitarajia malipo makubwa kwa video ile, mama yake akiwa mgonjwa, na kwamba alikuwa na mpango wa kumchumbia mpenzi wake.

Usimwonyeshe B video ile. Muulize tu kuhusu vile viganja. Misuli ya kigasha ikikazwa bila kupumzika hujibana yenyewe hadi damu haipiti vizuri, na kwa muda mfupi sana vidole hufunguka hata kama kichwa kinaamuru vishike. Uchovu huo haukupi onyo la kutosha. Unajivuta mara mbili ukiwa na nguvu, na safari ya tatu, ile ya kukurudisha juu, haipo. Kujivuta kwenye chuma cha uwanjani na kujipandisha kifua hadi juu ya ukingo wa zege wenye vumbi la saruji ni kazi mbili tofauti. Hiyo ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo anayoiacha mwisho, akiwa amekwisha kuchoka.

Umeuliza kuhusu lawama. Baada ya kifo cha Wu, mama yake aliishtaki programu ya video iitwayo Huajiao, ambayo ilikuwa ikirusha kazi zake na iliwahi kumlipa aitangaze. Mwaka 2019 Mahakama ya Intaneti ya Beijing iliamua kwamba mwenye sehemu kubwa ya wajibu ni Wu mwenyewe, lakini programu ile nayo ina sehemu yake, kwa kuwa ilijua hatari na ikaendelea kunufaika bila kumzuia. Iliamriwa kumlipa mama yuan 30,000. Mimi si hakimu, ila mgawanyo ule naukubali. Anayeshuka nje ya ukingo ni B, na uamuzi ni wake. Anayeshika simu ana sehemu ndogo, na sehemu ndogo ni sehemu. Wanaotuma zawadi wakiwa kitandani mwao wanayo pia, na duka la viatu lina kubwa kuliko yako. Kwao siwezi kufika leo. Wewe umeniandikia.

Sasa twende kwa huyo Mfaransa. Anaitwa Alain Robert, alizaliwa 1962, na ni kweli amepanda majengo marefu ya miji mingi duniani, mara nyingi kwa viatu na mikono tu. Lakini B hakukwambia yote. Robert alikuwa mpanda miamba tangu ujana, miaka mingi kabla ya kugusa ghorofa la kwanza la mjini. Mwaka 1982 alianguka mara mbili. Mara ya pili alipoteza fahamu siku kadhaa, na madaktari wakampa cheti cha ulemavu wa asilimia 60. Mwili wake haujasahau hadi leo, na kizunguzungu bado kinamsumbua. Alipopanda Taipei 101 mwaka 2004, kwa ruhusa ya wenye jengo, alifungwa kamba. Alipopanda Burj Khalifa ya Dubai mwaka 2011, mita 828, alivaa mkanda na kamba. Huyo ndiye mfano wa B, na kwenye jengo refu kuliko yote duniani alifungwa kamba. Halafu kuna Remi Lucidi, Mfaransa pia, mwenye uzoefu wa miaka wa kupanda mapaa ya miji mikubwa. Alianguka Hong Kong Julai 2023 akiwa na miaka 30. Watafiti walioikusanya habari za vifo vya watu waliokuwa wakijipiga picha, kuanzia Oktoba 2011 hadi Novemba 2017, walipata 259, wengi wanaume, na wastani wa umri kama miaka 23. B ana 22.

Nisiwe kama mtu anayelaani kukwea kwenyewe. Mei 2018 kijana wa Mali, Mamoudou Gassama, alipanda balkoni nne za jengo moja jijini Paris kwa mikono mitupu akamwokoa mtoto aliyekuwa akining'inia. Ufaransa ikampa uraia na nafasi kwenye kikosi cha zimamoto. Nguvu aliyonayo B ni kipaji cha kweli. Ninachogombana nacho ni nguvu hiyo kuwekwa rehani kwa watu wanaobonyeza kioo.

Na hicho kimya anachokisema nakiamini. Hofu ikipanda ghafla, mwili humwaga adrenalini, na akili huacha kila kitu isipokuwa kidole na ukingo. Karo hufutika, kodi ya nyumba hufutika. Kwa mtu mwenye mzigo, hiyo ni nafuu kubwa, na ukimwambia ni upuuzi atajua humwelewi. Shida ni kwamba mwili huzoea. Paa la hosteli lilimtosha mwanzoni. Kisha likahitajika ghorofa, kisha upande wa nje wa ghorofa, sasa kreni. Yeye anaona ujasiri umeongezeka. Kilichopungua ni ile hofu iliyokuwa ikimlinda, na ukingo ni uleule.

Kuna Mmarekani, Alex Honnold, aliyepanda jabali la El Capitan huko California tarehe 3 Juni 2017, karibu mita 900, bila kamba, kwa muda usiofika saa nne. Wanasayansi walimpima ubongo wakakuta ile sehemu ya hofu haishtuki kama yetu. Nakutajia habari zake kwa ajili yako, mshika kamera, zaidi ya kwa ajili ya B. Waliomrekodi walikuwa wapanda miamba wenyewe, na walisumbuka muda mrefu wakijiuliza kama ni halali kurekodi. Njia ile aliirudia kwa kamba, kipande kwa kipande, kwa zaidi ya mwaka. Pale pagumu kuliko pote waliweka kamera zisizo na mtu, ili asihisi jicho la rafiki. Mpiga picha mmoja aliyekuwa chini aligeuza uso, hakuweza kutazama. Na mwaka 2016 Honnold alianza kupanda, akahisi sivyo, akaacha na kuondoka, kamera zote zikiwa tayari. Hakuna aliyemlaumu.

Basi muulize B swali moja, mkiwa chini, mchana, mmeshiba: tangu tuanze kurekodi, umewahi kufika juu ukaghairi? Mpe muda ajibu. Kama hajawahi, basi pale juu hana tena uhuru wa kusema hapana, na aliyempokonya uhuru huo ni "Umepata?"

Kuhusu kreni yenyewe, kuna jambo ambalo huenda halijui. Kreni ya mnara ikifungwa jioni, mwendeshaji huachia breki ya kuzunguka kwa makusudi, ili mkono ufuate upepo na mnara usielemewe. Kwa hiyo usiku ule mkono haujatulia. Upepo ukija unageuka wenyewe, ukiwa na mtu juu yake au hauna. Hakuna mazoezi yanayomwandaa mtu kwa hilo. Yuko pia yule soja mnayempa kitu kidogo. B akianguka ndani ya uwanja ule, soja ndiye atakayepoteza kazi na kushikwa siku hiyohiyo, na watoto wake hawajui habari za wafuasi. Kuingia bila ruhusa mahali pa mtu ni kosa kwa sheria ya Kenya, na London mwaka 2019 kijana aliyepanda jengo la Shard alifungwa wiki 24. Lakini sidhani B anaogopa jela. Soja anaweza kumgusa zaidi.

Sasa maneno ya kumwambia. Usimwandikie ujumbe, na usiseme mbele ya watu. Mwambie hivi, kwa lugha yenu ya Likoni: "Sitakurekodi tena ukiwa huna kamba. Hata mara moja. Kreni sitakuja. Na ukiniambia unakwenda, nitawapigia wenye ule uwanja, na nitamwambia mama. Nakwambia mapema ili usije ukasema nimekuzunguka." Kisha nyamaza. Atakasirika. Atasema umekuwa mwoga, una wivu, umejazwa maneno na Shangazi. Usibishane, na usihame chumba. Pika kama kawaida, kula naye.

Mama yake aambiwe. Sipendi uchongezi, na mtu wa miaka 22 ana haki ya siri zake. Angekuwa na mpenzi asiyemtaka mama, au amekosa mtihani, ningekwambia funga kinywa. Hii ni siri ambayo mwisho wake mama ataujua kwa simu ya mtu asiyemjua. Tena anakula fedha asizojua zilikotoka, na hakuna mama wa Likoni atakayezitaka akijua. Mpe B siku chache aseme mwenyewe. Asiposema, mpigie wewe, umwombe asimpigie kelele mwanawe bali amwite nyumbani wakae pamoja. Huenda pale ndipo zitakapotajwa hizo kelele za kichwani. Kama ni karo, vyuo huwa na ofisi ya wanafunzi ya kusikiliza maombi ya kulipa kidogokidogo. Kama ni zito kuliko karo, basi kuna washauri nasaha chuoni, na hapo ndipo nafuu ya kweli inapotafutwa. Wewe nawe uende. Hicho kiatu unachokiona usiku hakitaondoka kwa kunyamaziwa. Na video ile ya manyunyu ifuteni, hata kama ndiyo inayoleta fedha.

Usimwachie mkono mtupu, lakini. Hapo Nairobi kuna kuta za ndani za kukwelea zenye kamba na waangalizi. Mountain Club of Kenya ipo tangu 1949, na wanachama wake hupanda miamba ya Lukenya, upande wa Athi River, pa kwenda na kurudi siku moja. Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, kama mita 25, ambao wageni hupandishwa kwa kamba na waongozaji. Mwende wote wawili, nawe uchukue simu. Atagundua kwamba ukiwa na kamba unaweza kujaribu mambo magumu kuliko kuning'inia ukingoni, kwa kuwa unaruhusiwa kushindwa na kujaribu tena. Akitaka urefu wa kweli, kilele cha Batian cha Mlima Kenya kina mita 5,199, na hakifikiwi kwa matembezi. Ni kazi ya kamba na mikono.

Fedha nazo zipo kwa njia hiyo. Wale mafundi mnaowaona wakisafisha vioo vya majengo ya Upper Hill wakiwa wamening'inia hulipwa kwa kuning'inia, na kazi hiyo ina mafunzo na vyeti vyake. Kanuni yao ya kwanza ni kamba mbili, kila moja imefungwa mahali pake, ili moja ikikatika nyingine ishike. B aongee na mmoja wao. Ataheshimu neno la mtu anayeshinda huko juu kila siku kuliko langu. Na duka la viatu liambiwe: kama mnataka aonekane akikwea, lipieni kamba.

Huenda akakataa yote haya, akaenda kreni bila wewe. Hilo halitakuwa kosa lako. Ukipata habari akiwa tayari juu, usipande kumfuata, na usimwite kwa kelele za kumshtua. Mwendee mlinzi, piga 999 au 112, sema ni kreni, taja jengo na barabara. Kama yuko juu ametulia, zungumza naye taratibu kwa simu, umwambie akae, ashike chuma kwa mikono na miguu, angoje kupambazuke waje watu wenye kamba. Kama ameanguka na ana uhai, usimwinue, usimkalishe, usimpe maji, wala usikubali wapita njia wambebe na kumtia kwenye gari. Kishike kichwa chake kwa viganja viwili kisigeuke, umfunike, uongee naye kwa jina lake mpaka gari la wagonjwa lifike.